Mteule Aliyenasa Mlangoni

Ofisini wanamwita Fundi Miungu. Nyumbani anaitwa Kaka, hata na mama aliyemzaa, kwa sababu ndilo jina nililomwita mimi mdogo wake nilipoanza kusema, na likamganda. Ni mrefu, anakula taratibu, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Watu husema upole ni sifa. Mimi nimekua naye nyumba moja, na nasema upole ule ndio uliomfunga kamba miguuni.

Tunafanya kazi pamoja kwenye vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Chini wanagonga vyuma kutwa, juu tunatengeneza mchezo wa kompyuta unaoitwa Bonde. Ndani ya Bonde wanaishi watu wadogo, kila mmoja kimo cha ukucha. Wanalima, wanaoka mikate, wanaoana, wanagombania mbuzi, wanazeeka, wanakufa. Mchezaji hawaendeshi. Anaweza kuwapa mvua au barabara, au ukame ikiwa roho yake mbaya, kisha anakaa kuwatazama watakavyojikwamua. Mimi ndiye ninayewachora na Kaka ndiye anayewapa akili. Mama akiulizwa kazi zetu husema wanawe wako "kwenye kompyuta", kwa sauti ya mtu anayesema wanawe wamelazwa.

Bosi wetu ni mtu wa maneno mengi na viatu vilivyochongoka. Asubuhi moja aliingia akiwa na simu mkononi, hata salamu hakutoa.

"Wachezaji wanataka dini," alisema. "Wanataka miungu, madhabahu, na wateule. Mungu anachagua mtu mmoja kijijini, anamtia nguvu, anamtuma akapigane na joka. Toleo lijalo liwe na hayo." Kisha akazungusha macho mezani kana kwamba kuna la kutafuta. "Humu ndani mtoto wa nyumba ya ibada ni nani vile?"

Wote walimgeukia Kaka. Mimi nimezaliwa nyumba hiyohiyo, nimeamka na nyimbo zilezile, nimefagia sakafu ileile, lakini hakuna aliyenitazama. Kwa watu kama sisi mtoto ni wa kiume. Wa kike ni wa kushika vyombo. Nilitaka kusema neno, nikameza, maana Kaka alikuwa ameshasema, "Sawa, Bosi." Huyo ndiye Kaka. Ukimwambia aruke dirishani atauliza tu kama alifunge akishatoka.

Na wakati huohuo nyumbani alikuwa ameitwa tayari. Baba yetu anaongoza nyumba ya ibada yenye paa la bati na viti vya plastiki, na watu wanamwita Mtumishi. Sauti yake ilikuwa inakwisha. Daktari alimwambia aache kupaza sauti au ataipoteza kabisa, naye akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba mrithi wake ni mwanawe, na kwamba atatiwa mafuta Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kaka alizisikia habari hizo akiwa amekaa kitini kama waumini wengine. Hakuulizwa.

Nieleze maana yake, kwa sababu wasiojua hudhani ni heshima tu. Mtumishi hana kazi nyingine. Kaka angeacha ofisi. Angekuwa wa kuzika, wa kuombea wagonjwa, wa kusuluhisha mume na mke waliorushiana sahani, wa kubariki gari la mtu asiyejua kuendesha, na kila anapogeuka kuna anayemwita. Baba aliishi hivyo tangu tukiwa wadogo, na sikumbuki siku aliyomaliza kikombe chake cha chai kikiwa cha moto. Kaka hakuyataka hayo. Alitaka kukaa juu ya duka la vipuri na watu wake wa kimo cha ukucha mpaka azeeke.

Dini ya Bonde aliijenga haraka hadi Bosi akashangaa. Katika Bonde, mungu hula imani. Watu wakija madhabahuni ananenepa. Wakimsahau anakonda, ananuna, anatuma nzige. Anapokuwa na nguvu za kutosha humchagua mtu, na taa ndogo inawaka kwenye paji la uso wa mteule. Taa hiyo niliichora mimi, kwanza ya rangi ya machungwa, kisha ya dhahabu, kwa kuwa Bosi alisema ya machungwa inafanana na ugonjwa. Kaka aliweka hata vikao vya wazee, hata wivu wa waumini wanaokaa safu ya mbele.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alicheka Domo, ambaye kazi yake ni kuujaribu mchezo na kutafuta makosa. "Umesomea wapi haya yote?"

"Kwenye kiti cha plastiki," Kaka alijibu.

Shida ilianza kwa mteule wa kwanza. Alikuwa mwoka mikate, mwenye mke, watoto na tanuri. Kila mtu wa Bonde ana mivuto ndani yake: njaa, usingizi, kazi, familia. Mvuto wenye nguvu kuliko mingine ndio anaoufuata. Kaka aliwaongezea wateule mvuto mpya, akauita wito. Alipouweka mkubwa sana, mwoka mikate alitoka mbio kumtafuta joka, akafa njaa njiani huku amebeba kapu la mikate. Alipoupunguza, aliendelea kuoka kana kwamba taa ile ilikuwa kipele tu. Akauweka katikati. Hapo mwoka mikate akafika mlangoni, wito ukimvuta nje, familia ikimvuta ndani. Akatoka hatua moja, akarudi hatua moja, akatoka, akarudi. Hakuoka na hakusafiri. Mkewe alikuwa akimpita akienda kisimani.

Kwa mtu kama Kaka hilo ni kosa la kurekebisha kabla chai haijapoa. Lakini alikaa akilitazama mchana kutwa, mikono mapajani. Domo alimtania, kisha akaacha kumtania.

"Kaka, mbona hulitengenezi?" nilimuuliza.

"Nataka nione ataamua nini."

"Hawezi kuamua. Wewe ndiye hujampa kitu cha kuamulia."

Akanitazama, akafunga kompyuta, akasema twende nyumbani, ana neno na baba.

Tuliwakuta mezani. Mama alikuwa anapakua, baba ameshika kikombe kwa mikono miwili, kitambaa shingoni. Kaka hakukaa.

"Baba, mimi sijaitwa," alisema. "Sijasikia sauti, sijaota ndoto. Na kazi hiyo siitaki. Tafadhali, mpe mwingine."

Mwiko wa mama ulibaki hewani. Mimi nilikuwa roho juu, nikimsubiri mzee awake. Baba alivua miwani, na machozi yakamtoka, machozi ya furaha kabisa.

"Hivyohivyo," alinong'ona. "Maneno hayohayo niliyosema mimi. Sasa nina hakika."

Ndipo nilipokumbuka, na nikataka kujipiga kofi kwa kutokumbuka mapema. Katika nyumba yetu ya ibada kuna kanuni moja isiyotikisika: aliyeitwa kweli hukataa kwanza, na anayekimbilia kiti ametumwa na tumbo lake. Msaidizi wa baba, mtu hodari wa kuhubiri, aliwahi kusema wazi kwamba angependa kuwa Mtumishi. Tangu siku hiyo alipewa kazi ya kupanga viti. Na baba mwenyewe alikuwa fundi bomba. Ushuhuda wake kila mtu anaujua kwa moyo: alikuwa chini ya sinki la watu, akasikia sauti ikimwita mara tatu, akakataa mara tatu, na bomba likampasukia usoni. Anapofika kwenye bomba watu hupiga makofi.

Jumapili iliyofuata baba alisimulia mbele ya wote jinsi mwanawe alivyokataa. Watu waliruka. Wanawake walimkumbatia Kaka mlangoni, wakimwambia wamemwona baba yake mtupu. Yeye alisimama kama nguo iliyoanikwa.

"Basi mwambie unakitaka kiti," nilimshauri, kwa hasira zaidi kuliko akili. "Mwambie una uchu nacho. Atakupa viti vya kupanga."

Alijaribu, maskini. Alikwenda kwa baba akasema anautaka utumishi, anakitaka na kiti, aanze hata kesho. Baba akamshika kichwa akasema, "Umejisalimisha, mwanangu." Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kila upande aliogeukia palikuwa na mtu wa kumpongeza.

Mama ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Lakini alianza kuyashika mapazia ya sebuleni kila alipopita. "Sijui haya yataenea madirisha ya wapi," alisema siku moja, kama anajisemea. Nyumba wanayokaa wazazi wetu ni ya waumini, na hukaa Mtumishi. Akiwa Mtumishi mtu mwingine asiye mwana wao, wao wanatoka. Kaka alisikia maneno yale, na usiku huo hakumaliza chakula. Mimi niliyasikia pia, na nilikasirika, kwa sababu mama ana ulimi wa kuomba waziwazi na hakuutumia.

Ofisini Kaka aliamua kumpa mwoka mikate kitu cha kuamulia. Aliongeza uwezo wa kukataa: mteule anaweza kusimama mbele ya madhabahu na kusema hapana, taa ikazimika, akarudi kwenye tanuri lake. Aliandika kwa haraka, vidole vinakimbia, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze nilimsikia akiimbaimba. Domo akaanzisha mchezo.

Mwoka mikate alikwenda madhabahuni. Akakataa. Taa ikafifia, na Kaka akashusha pumzi. Kisha majirani wakatoka majumbani mwao, mmojammoja, wakapiga magoti mbele ya duka la mikate. Imani ikapanda. Mungu akanenepa, na kwa kuwa amenenepa akaita kwa nguvu zaidi, na taa ikawaka kuliko mwanzo. Mwoka mikate akakataa tena. Wakaja wa kijiji cha pili. Alipokataa mara ya tatu mashamba yote ya Bonde yalikuwa matupu, watu wamelizunguka duka, na yeye yuko ndani, taa inamwakia usoni hadi sura haionekani.

"Nani kaandika hili?" Bosi aliuliza, akiwa amesimama nyuma yetu.

Kaka alitafuta kwenye maagizo yake. Akalipata. Alikuwa ameliandika siku ile ya kwanza kabisa, bila kuambiwa na mtu: mteule akikataa, imani ya majirani iongezeke.

"Sasa kukataa kunaongezaje imani?" Domo alisema. "Mtu akikataa si amekataa?"

Kaka aligeuka akamtazama. "Nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali," alisema.

Domo alicheka. Mimi sikucheka. Mtu mzima, mwenye ndevu na akili za kuumba ulimwengu, hakujua kwamba nje ya ukuta wetu neno hapana lina maana ya hapana.

"Nirekebishe?" Kaka aliuliza.

"Thubutu!" Bosi alisema. "Watu watalia machozi. Liache hivyohivyo." Na limeachwa. Leo hii kuna wachezaji kwenye nchi nisizozijua wanaomhurumia mwoka mikate, wanaandika kwamba mtengenezaji ana moyo wa jiwe.

Lakini siku ile ilimfungua Kaka kichwa. Alianza kuichunguza kanuni ya nyumbani kama anavyochunguza mchezo, akitafuta mahali inapovuja. Akanijia na tundu alilolipata, macho yanamng'aa. Kukataa kabla ya mafuta ni unyenyekevu. Lakini mafuta yakishamwagwa, mteule hupewa kipaza sauti aseme neno lake la kwanza, na neno hilo ndilo linalofunga kazi. Hakuna aliyewahi kukataa hapo. Akikataa hapo hakuna atakayesema ni unyenyekevu. Watampa Msaidizi kiti kabla wali wa sherehe haujapoa.

"Na baba na mama?" aliuliza. Sauti ilimshuka.

"Watakuja kwangu," nilisema. "Nimepanga vyumba viwili. Mapazia nitayakata mwenyewe. Wewe sema neno lako."

"Una hakika?"

"Kaka, usiponisikiliza leo nitakuchukia."

Alicheka, akasema basi, atasema. Neno lenyewe alilipanga fupi: "Nashukuru, lakini sikuitwa, na sitafanya." Alilifanyia mazoezi njiani tukienda kazini, kwa sauti ndogo, hadi nikalijua mimi pia.

Jumapili ikafika. Nyumba ya ibada ilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Baba alikuwa amefungiwa kipaza sauti kidogo kwenye ukosi, kwa sababu bila hicho hata safu ya pili isingemsikia. Mpiga kinanda alikuwa akipiga polepole. Nilisimama pembeni ya baba nikiwa na bakuli la mafuta, kazi ya binti, na Kaka alipiga magoti karibu yangu hadi nikaona jasho nyuma ya masikio yake. Kabla hajainamisha kichwa alinitazama. Nilimwonyesha kwa macho: sema.

Baba alichovya, akampaka, akaweka kiganja kichwani. Aliomba kwa ile sauti iliyokwaruzika, watu wakiitikia. Alipomaliza hakuondoa mkono. Aliinama hadi mdomo wake ukagusa sikio la mwanawe, akanong'ona. Alisahau ukosi wake. Spika za ukutani zikakoroma, na maneno yakatoka kwa chini, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili.

"Mwanangu, mimi pia sikusikia kitu. Lilikuwa bomba tu. Utazoea."

Kinanda kiliendelea. Wa nyuma walidhani ni mitambo inasumbua. Lakini safu ya mbele ilitulia, na bibi mmoja mwenye masikio mazito akamgeukia mwenzake akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Kasema nini Mtumishi?"

Mkono wa baba ulipanda kwenye ukosi, ukakigusa kipaza sauti, ukabaki hapo. Sijawahi kumwona baba akiogopa. Alionekana mdogo ndani ya lile joho, mzee aliyelichukulia bomba kuwa sauti, au aliyewaacha watu walichukulie hivyo, akakosa pa kutokea, akabaki humo maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia, na huruma hiyo ilinitia hasira zaidi. Msaidizi alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, shingo ndefu, anasubiri. Mama alifumba macho.

Mtu akampa Kaka kipaza sauti cha mkono, kama ilivyo desturi. Alisimama, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye nyusi. Neno lake alikuwa nalo. Niliona midomo ikilianza. Sasa hata asingehitaji kulisema lote. Angerudia tu alichoambiwa, angekuwa huru kabla ya chakula cha mchana.

Bibi aliuliza tena. "Jamani, kasema nini?"

Kaka alimtazama baba, baba akatazama sakafu.

"Amesema nimeitwa," Kaka alisema.

Watu wakaitikia Amina kwa kishindo, bati likatetemeka. Nami, nikiwa na bakuli la mafuta mkononi, niliitikia pamoja nao, kwa sababu baba alikuwa ameinua macho na alikuwa ananitazama mimi.